Naombeni tamthilia ya upelelezi ya kuangalia na mzee wangu (askari mstaafu), kila ninayoweka anaiponda

Mwana wa Mwanjelwa

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi kwa mlioko huku kwetu Mbeya.

Niende kwenye mada. Mzee wangu alikuwa polisi upande wa upelelezi, kastaafu zamani yuko zake Rungwe na migomba yake. Sasa magoti yamemzingua tumemleta mjini awe karibu na hospitali, anashinda ndani, jioni wote tuko sebuleni na jiko la mkaa (dirisha tunaacha wazi msije mkaanza) tunaangalia TV. Mimi na wife ni walevi wa hizi sizoni za mauaji na upelelezi, nikajua mzee atafurahi maana ndo kazi iliyomlea. Wapi! Dakika kumi tu anaanza kusonya. "Huyo mbona kaokota kisu mkono mtupu?" "Hao wote eneo la tukio wanafanya nini, wamealikwa?" "Hicho kielelezo nani kakipokea, kasaini wapi?" Tukaweka ile CSI ya Las Vegas, dada wa maabara anaokota unywele asubuhi, mchana majibu ya DNA anayo mkononi, jioni ni yeye huyo huyo anamhoji mtuhumiwa. Mzee akainuka akaenda kulala saa mbili usiku, anasema hiyo kesi hakimu anaifuta kabla ya chai.

Shida ya pili, kiingereza cha Wamarekani kinamkimbia na macho ya kusoma maandishi ya chini hana tena. Nikamtafutia zile zilizotafsiriwa na madijei, hapo ndo nikaharibu kabisa... dijei dakika ya tano anakwambia "mcheki huyu, huyu ndo adui mwenyewe", sasa upelelezi umebaki wa nini jamani?

Nisaidieni, ipi ataiangalia mpaka mwisho? Na isiwe na mambo ya chumbani maana mama mkwe huwa anatutembelea.

Chalii wa Kabwe

The Wire mkuu, funga mjadala. HBO 2002 mpaka 2008, sizoni 5 episodi 60, Baltimore, mule ndo utaona polisi wenyewe, kesi moja wanaisotea sizoni nzima, wanabishana na mabosi kuhusu vibali vya kusikiliza simu, bajeti hakuna, gari mbovu. Mzee atajiona yeye.

Nyalukolo Mstaarabu

Kamwene. Chalii umesoma uzi au umesoma kichwa tu? Mzee kiingereza kinamkimbia afu unampa The Wire, ile misimu ya vijana wa kona za Baltimore hata sie tuliosoma tunarudisha nyuma mara mbili mbili. Na matusi yale mbele ya mkwe, hapana.

Mi nasema Luther. Idris Elba huyo huyo aliyecheza Stringer Bell kwenye The Wire, ila huku ndo mpelelezi, London, BBC, sizoni 5 na zote kwa pamoja ni episodi 20 tu. Kiingereza cha Uingereza wazee wetu wanakisikia vizuri kidogo.

Mama Wawili Iringa

@Nyalukolo Luther na mzee wa magoti? Ile sehemu mtu kajificha chini ya kitanda mi mwenyewe nililala taa inawaka wiki nzima 😂 Afu Luther anavunja sheria kila episodi, anaingia nyumba za watu bila hati, anatisha mashahidi, huyo mzee si atapiga TV na fimbo.

Mwana wa Mwanjelwa, na True Detective usiguse kabisa. Sizoni ya kwanza 2014 ni moto nakubali, McConaughey na Harrelson hawana mpinzani, lakini kuna sehemu mtabaki wote mnaangalia dari. Niliiweka kaka yangu mkubwa akiwepo, nikasingizia maharage yanaungua.

Ya familia ni Monk. San Francisco, mpelelezi anaogopa vijidudu, anaogopa maziwa, anaogopa urefu, anataka kila kitu kinyooke, na polisi wanamtegemea maana macho yake hayakosei. 2002 hadi 2009, episodi 125, kila kesi inaanza na kuisha siku hiyo hiyo isipokuwa ile ya mkewe aliyeuawa na bomu kwenye gari, hiyo inasubiri mpaka mwisho. Wanangu wanaipenda.

Karani wa Zamani

Shikamoo yangu mfikishie mzee. Mimi nimekaa mahakamani Iringa miaka mingi, siyo hakimu wala wakili, mwandishi tu wa makaratasi, ila nataka kumtetea kidogo maana mnamcheka.

Anachokisema ndicho kinachoua kesi. Kwetu DNA ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ina sheria yake kabisa ya 2009, siyo kila askari anaamka na kipimo mfukoni. Sampuli inafungwa, inapigwa lakiri, inaandikiwa, na kila mkono inaopitia unasaini, ukikosekana mkono mmoja katikati wakili wa utetezi anasimama anauliza swali moja tu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane kielelezo kilikuwa kwa nani? Kimya. Kisu kinaweza kuwa ndicho chenyewe, damu ndiyo yenyewe, na mtu akatoka anatembea. Halafu kuhoji. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inawapa polisi masaa manne ya kuchukua maelezo tangu wamemweka mtu chini ya ulinzi, wakitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Nimeona maelezo ya onyo mazuri kabisa, mtu kakiri mwenyewe kwa kirefu, yakatupwa kwa sababu ya saa iliyoandikwa juu ya karatasi. Sasa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote unamwonyesha stelingi anamkaba mtuhumiwa chooni, anapata jina la muuaji, makofi!

Kwa hiyo ushauri wangu usimtafutie yenye maabara wala yenye bastola. Mtafutie yenye mahojiano.

Kyela Mchele

Karani kamaliza kila kitu, mi naongezea jina. COLUMBO.

Najua vijana mtacheka, ni ya zamani, Peter Falk. Filamu ya kwanza ya majaribio ni 1968, sizoni zenyewe zikaanza 1971, ikasimama 1978, ikarudi 1989 na ya mwisho kabisa ikaja 2003. Jumla 69, kila moja ni kama muvi nzima, saa na dakika kumi mpaka saa moja na nusu na ushee. Ile ya kwanza ya sizoni zenyewe, 1971, kaiongoza Steven Spielberg akiwa bado kijana hata hajafikiria muvi ya papa (Jaws).

Sasa sikia kwa nini inamfaa mzee wako. Kwenye Columbo muuaji UNAMWONA. Robo saa ya kwanza au zaidi unaonyeshwa nani kaua, kaua vipi, kaficha nini, kapiga simu gani ya kujitengenezea ushahidi kwamba hakuwepo. Baada ya hapo ndo anaingia jamaa na koti lililokunjamana, sigara kubwa, gari bovu Peugeot 403, anajifanya mshamba. Swali siyo nani kaua, swali ni huyu mshamba atampata vipi tajiri huyu msomi anayemdharau. Kwa hiyo dijei akisema "huyu ndo adui" hajaharibu kitu, umeme ukikatika dakika ishirini mkarudi hamjapotea, mjukuu akipiga kelele hamjapotea. Na yeye kumwona na bastola ni nadra. Anauliza maswali tu. Anaaga, anafika mlangoni, anashika kichwa, anarudi, "samahani, kuna kitu kimoja kinanisumbua", na hicho kitu kimoja ni kidogo mno, viatu vimefungwa kamba vibaya, au mtu karudi nyumbani toka safari halafu hakumwita mkewe.

Mzee aliyehoji watu miaka yote hawezi kuinuka hapo.

Chalii wa Kabwe

Sasa nishajua mwisho niangalie nini? Hiyo si sawa na kuangalia marudio ya mechi.

Kyela Mchele

Marudio ya mechi watu wanaangalia kila siku Chalii, tena wanabishana.

Nyalukolo Mstaarabu

Ila Kyela tuseme ukweli, Karani naye aseme, ushahidi wa Columbo mara nyingi ni mtego. Anamtega mtu anajichanganya mwenyewe mbele ya watu, kwisha. Kwa hakimu wa kweli nusu ya zile kesi zinaanguka.

Karani wa Zamani

Zaidi ya nusu. Ila hapo ndo utamu, mpe mzee nafasi ya kubishana na TV. Mtu kama yule akikubaliana na kila kitu atasinzia.

Kama anataka utaratibu wa polisi hasa, baadaye mjaribu Bosch, Los Angeles, mule kuna mafaili, kuna kuandika ripoti, kuna kwenda mahakamani. Chunga tu, matusi yapo na vyumba vipo, uangalie wewe kwanza.

Dada wa Uyole

Mbona hakuna aliyetaja za kwetu Waafrika? Ile ya Botswana, The No. 1 Ladies' Detective Agency, 2008 na 2009, Jill Scott ndo Mma Ramotswe, mpelelezi mwenyewe, imepigwa Botswana kwenyewe, ziko 7 tu. Kesi ndogo ndogo, mume kapotea, baba wa uongo kajileta nyumbani, chai inanywewa kila dakika. Mama mkwe ataipenda hata kama mzee hataki. Nairobi nao wana Crime and Justice ya 2021, Sarah Hassan kacheza mpelelezi, polisi wa mjini kama tunaowajua, na kiswahili kinasikika mule. Nashangaa kwa nini sisi Bongo hatuna. Enzi za wazee walikuwa na wapelelezi Willy Gamba na Joram Kiango vitabuni, watu wanaazimana mpaka jalada linatoka, leo kwenye TV ni mirathi na wake wenza.

Mama Wawili Iringa

Kweli kabisa Dada. Afu muulize mzee kuhusu Willy Gamba, nakuhakikishia atakaa sawa kwenye kiti.

Mwana wa Mwanjelwa

Wakuu mrejesho. Nimesoma yote, ndaga fijo.

Niliweka ile Columbo ya 1968 ya daktari wa akili anayemuua mkewe, nikaipata kwa jamaa yangu wa Mafiati, haijatafsiriwa, nikawa namtafsiria mimi mwenyewe pale panapobana. Mwanzo kimya. Akauliza huyu askari cheo chake nini, nikamwambia luteni, akasema mbona kavaa hivyo, nikanyamaza. Jamaa alipoanza kurudi mlangoni mara ya kwanza mzee akacheka ile ya puani. Mara ya pili akazima redio yake ndogo, ile haizimwi na mtu humu ndani.

Sasa kaja na lake. Tumeshafika ya 1971, anasema yule mke wa Columbo anayetajwa kila saa, mke wangu anapenda hiki, mke wangu kasoma kitabu chako, HAYUPO. Anasema ni mbinu ya kuhoji, na wao walikuwa na mwenzao hivyo hivyo, kila mtuhumiwa anamwambia "hata mdogo wangu aliwahi kupatwa na hilo", mdogo wake mwenyewe hakuwahi kuwepo. Mimi nasema mke yupo ila hatuonyeshwi. Tumebishana mpaka wife akatuzimia TV. Ukweli ni upi?

Kyela Mchele

😂😂 Mzee noma. Ukweli ni kwamba kwenye Columbo zote mke haonekani hata mara moja, watu wamebishana miaka na miaka kama wewe na mzee. Mi niko na mzee. Sura ya mbwa tu ndo utaiona, mbwa hana hata jina anaitwa Dog.

Nyalukolo Mstaarabu

Yupo bwana. Kuna askari wenzake wanaongea naye habari za mkewe na hawamshangai.

Karani wa Zamani

Hao ni mashahidi wa kusikia. Ushahidi wao haupokelewi.

Mwana wa Mwanjelwa

Nitamsomea hiyo Karani, atafurahi. Sasa nataka zote 69, jamaa wa Mafiati anazo chache na kazichanganya, ya 1973 iko kabla ya 1971. Na TV yangu ni hizi za kichina, maandishi ya chini hayatokei nikiweka flashi, nayahitaji mimi ili nimtafsirie vizuri.

Chalii wa Kabwe

Njoo kwangu Kabwe ninazo zote, japo mi bado naona ni marudio ya mechi. Flashi yako uifomati FAT32 kwanza (ni mfumo wa kupanga mafaili), hizo TV nyingi mfumo wa NTFS hazisomi, na faili moja lisivuke GB 4 halitaingia. Maandishi ya chini ni faili la srt, lazima liwe na jina lile lile la video herufi kwa herufi na likae folda moja, ukiacha hata nafasi moja tofauti TV inalipita. Usije saa saba mchana nakuwa msosini.