Lugha mbili, isimu tupu, au lugha moja na isimu: nichague ipi chuo kikuu?

Chipukizi
Wakuu, salaam. Zimebaki siku chache nijaze fomu za chuo na kichwa kimegoma. Nina njia tatu. Ya kwanza ni shahada ya lugha mbili: Kifaransa, ambacho nimekisoma shuleni miaka minne, na Kiarabu, ambacho nitakianza sifuri. Ya pili ni isimu peke yake, yaani sayansi ya lugha. Ya tatu ni Kifaransa na isimu, nusu kwa nusu.

Kupenda lugha napenda tangu utotoni, hilo halina ubishi. Ila kila nikitaja mojawapo ya hizi nyumbani naulizwa swali lile lile, "ukimaliza utakuwa nani?", na sina jibu. Naomba waliopita huko wanilinganishie. Tafadhali msiniambie nifuate moyo wangu. Moyo umeshachagua zote tatu.

KapuLaManeno
Mimi nilisoma lugha mbili, moja niliyotoka nayo shule na Kiarabu cha kuanza sifuri, kama unavyotaka wewe. Kwanza ujue utaishi katika kasi mbili. Asubuhi uko darasa la Kifaransa unaandika insha kuhusu riwaya na kutafsiri makala huku na huku. Mchana uko darasa la Kiarabu unajifunza herufi ipi inaungana na ipi. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Kiarabu kinahitaji saa 2,200 hivi za darasani, wakati Kifaransa hakifiki hata 800. Hesabu hiyo imepigwa kwa mtu anayetoka kwenye Kiingereza. Wewe wa Kiswahili una akiba: habari, wakati, sababu, safari, fikiri, hata neno "lugha" lenyewe. Usilewe akiba hiyo lakini, maana sarufi haikujui wala haikusalimii.

La pili ambalo wengi hawaambiwi: shahada ya lugha si kozi ya kuongea. Sehemu kubwa ni fasihi, historia, filamu na siasa za wenye lugha hiyo. Niliosoma nao waliokuja kwa ajili ya kuongea tu walichoka mapema sana.

Na Kiarabu cha darasani ni sanifu, huku mitaani watu wanasema lahaja zao. Nilipopelekwa kuishi kwenye nchi ya Kiarabu nilifika na usanifu wangu uliopigwa pasi. Watu walinisikiliza kwa adabu kubwa, kama vile nasoma taarifa ya habari. Muuza duka mmoja alinijibu kwa lahaja na sikuelewa hata neno. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa kama bubu mwenye cheti.

Pamoja na yote hayo, ningerudia. Mwaka ule wa kukaa huko ndio ulionifundisha lugha. Kozi nyingi za lugha za England huwa za miaka 4 kwa sababu hiyo, mmoja wa kuishi ugenini. Kozi unayoiangalia kama haina kipindi cha namna hiyo, ipunguzie alama.

Mofimu
Niseme upande wa isimu tupu, kwanza kwa kuondoa dhana moja. Isimu si kujifunza lugha nyingi. Nimeisoma miaka mitatu na kila harusini naulizwa "unajua lugha ngapi?" Najua mbili, kama jirani yangu.

Mwaka wa kwanza utapewa fonetiki, somo la sauti za lugha, na utakariri Alfabeti ya Kimataifa ya Fonetiki, alama za kuandikia sauti hizo, mpaka uziote. Utapewa mofolojia (muundo wa maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana), na isimujamii kidogo (lugha na watu wanaoitumia). Kazi ya nyumbani mara nyingi ni maneno ishirini ya lugha usiyowahi kuisikia, pamoja na maana zake, na wewe unatakiwa ugundue kipi ni mzizi na kipi ni kiambishi. Hakuna kuongea. Unafanya upelelezi.

Jipime kwa mfano wa nyumbani. "Kitabu" kilitoka Kiarabu, na huko ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi. Kiswahili kikaipokea kama kiambishi cha ngeli, tukapata "vitabu". Halafu likaja agizo la Kiingereza la kwenye mzunguko wa barabara, "keep left", mzunguko wenyewe ukawa "kiplefti", na wingi wake "viplefti". Na lile bati linalokinga matope ya gurudumu likaitwa "madigadi", watu wakaona "ma" ya wingi, wakalitengenezea umoja wake: "digadi". Hakuna aliyeketi kamati kupitisha hayo. Kanuni ilikuwa kichwani mwa kila mtu, ikafanya kazi bila kuombwa.

Ukisoma aya hiyo ukatabasamu, isimu inakufaa. Ukisema "kwa hiyo?", nenda Kiarabu kwa amani. Sikuchezei, hicho ndicho kipimo ninachokiamini.

NusuKwaNusu
Mimi ndiye wa njia ya tatu, Kifaransa na isimu. Nitaanza na ubaya maana uzuri wake utanikolea nisahau.

Utakuwa na idara mbili zisizosalimiana. Ratiba zinagongana, insha mbili zinadaiwa siku moja, na kila mhadhiri anadhani wewe ni wa yule mwingine. Wa Kifaransa watasoma riwaya nyingi kukuzidi, wa isimu watasoma nadharia nyingi kukuzidi. Ukiwa mtu wa kupenda kuwa wa kwanza darasani, utaumia.

Sasa uzuri. Kwenye Kifaransa unafundishwa kwamba katika "les livres" (vitabu) s ya "les" haitamkwi, lakini katika "les amis" (marafiki) inatokea kama z. Shuleni niliikariri tu. Kwenye isimu nikaelewa kwamba irabu inayofuata ndiyo inayoiamsha, na kwamba Wafaransa wenyewe hawaitumii mahali pote kwa kiwango kimoja. Matamshi yangu yalinyooka kwa sababu ya fonetiki, si kwa sababu ya kusikiliza redio.

Halafu kuna hili lililonifanya nibaki. Kifaransa sanifu kinakanusha kwa maneno mawili, "ne" na "pas": "je ne sais pas", yaani sijui. Wenyewe wakizungumza huliangusha "ne" wakasema "je sais pas". Nilipoandika hivyo kwenye insha ya Kifaransa nilipigiwa mstari mwekundu. Nilipoipeleka sentensi ile ile kwenye isimujamii, mhadhiri akaniuliza: nani anaiangusha zaidi, vijana au wazee? Kwenye mazungumzo gani? Jengo moja, ngazi mbili, huku ni kosa, kule ni data. Tasnifu yangu ikatokea hapo.

Nakubaliana na Mofimu kuhusu kipimo chake, ila si lazima mtu awe upande mmoja.

SautiYaKibanda
Nyote mmezunguka swali la wazee wake, nijibu mimi. Ni mkalimani, miaka mingi sasa.

Chipukizi, ukitaka ukalimani au tafsiri, njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi 6: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Zako mbili zimo. Umoja wa Afrika unazo hizo mbili na Kiswahili juu yake. Lakini shahada ya kwanza haikufanyi mkalimani. Wengi wetu tulisomea ukalimani baadaye, shahada ya pili, na mitihani yake haina huruma. Tafsiri ya papo kwa papo, ile iliyopata umaarufu kwenye kesi za Nuremberg mwaka 1945, hufanywa na watu wawili au zaidi ndani ya kibanda wakipokezana kila nusu saa hivi, kwa sababu ubongo huchemka.

Na kinachowaangusha vijana wengi si lugha ya kigeni, ni ile ya kwao. Wanaelewa Kifaransa chote halafu Kiswahili kinawakwama mdomoni.

Isimu tupu haina mlango wenye jina lako. Ina milango mingi ya pembeni: kamusi, ufundishaji, tiba ya matamshi (hii lazima usomee taaluma yake juu ya isimu), na siku hizi kompyuta zinazoshughulika na lugha. Hiyo ya mwisho inataka ujifunze kuandika programu, na hakuna atakayekulazimisha. Usipojilazimisha mwenyewe utamaliza na michoro ya matawi tu, ile ya kuchambulia sentensi.

Mofimu
SautiYaKibanda, michoro ya matawi imekukosea nini? "Alimpigia mpira": alipiga kuelekea kwake, kwa niaba yake, au alimchapa kwa sababu ya mpira? Mkalimani asiyeona mitego hiyo ndiye anayechemka kibandani.

SautiYaKibanda
Naiona yote mitatu, mkuu. Tatizo nina sekunde mbili za kuchagua, nawe una muhula mzima 😄

Chipukizi
Asanteni sana. Maswali mawili. Isimu inahitaji hesabu? Na nikichagua nikajuta?

Mofimu
Takwimu kidogo ukiingia kwenye fonetiki au isimujamii, na mantiki kwenye semantiki. Si hesabu za kukutoa jasho.

NusuKwaNusu
Kwa hilo la kujuta: njia ya tatu ndiyo rahisi kuihama. Vyuo vingi humruhusu mwenye masomo mawili kuangusha moja baada ya mwaka wa kwanza. Kuingia kwenye lugha mpya mwaka wa pili, wakati wenzako wameshamaliza msingi, ni kazi ngumu zaidi. Uliza chuo chako kabla hujajaza, na uombe orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Ya mwaka wa kwanza huwa yanapendeza kila mahali.

KapuLaManeno
Na Kiarabu unaweza kukichukua kama somo la ziada. Hutafika mbali, ila utajua kama mnapendana.

Chipukizi
Nimeuliza, wanaruhusu kuangusha somo moja. Fomu bado sijaijaza, kwa sababu tangu jana ninahangaika na ile aya ya kiplefti. Nimepata "kilabu" na "vilabu", nayo ni ya Kiingereza. Nikapata "kioski", "vioski". Halafu nikakwama. Mbona "kilo" haiwi "vilo"? Mbona hakuna anayesema "vilomita"?

Mofimu
Jaza fomu, isimu iwemo. Hilo la kilo tutalijadili ukishafika.