Naomba ushauri: saa za usiku wodini hazilipwi

Wakuu, heshima kwenu. Hospitali binafsi, Mbeya mjini. Zamu ya usiku ni saa 2 hadi saa 2 asubuhi, mara 5 kwa wiki: saa 60. Mapumziko hakuna, muuguzi mmoja vitanda 30. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki 4, ilipwe mara moja na nusu, na usiku uongezwe asilimia 5. Hati ya mshahara haina hata kimoja. Daftari la makabidhiano halina muda wa kutoka, na hapo ndipo madai hufia kwa kukosa ushahidi. Morali imekwisha. Tuanzie chama cha wafanyakazi au CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), kabla siku 60 za kufungua madai hazijapita?