Kababu za jungu la umeme kwa sherehe ya Desemba: za pakiti, za kukanda mwenyewe au za krimu?

Mgeni_wa_Columbus
Habari za jioni, wanajamvi. Kazini kwetu kuna sherehe ya kufunga mwaka, na kila mfanyakazi ametakiwa kuleta kitafunio kimoja. Mimi nimeandikishwa kababu ndogo, zile ambazo Wamarekani huzipika katika jungu la umeme la moto wa polepole pamoja na jamu ya zabibu na sosi ya chili, kisha watu huzidokoa kwa vijiti huku wakizungumza. Jungu lenyewe sijalinunua. Dukani nimeona la kwati 4 na la kwati 6 (kwati moja ni karibu lita moja), na tofauti ya bei si kubwa. Nimebaki njia panda kati ya kununua kababu za pakiti zilizogandishwa, kukanda nyama ya kusaga mwenyewe kwa viungo vya kwetu, au kupika zile za Kiswidi zenye mchuzi wa krimu. Naomba ulinganisho wenu mapema, kwa sababu punguzo la bei linaisha wiki hii.

Muuguzi_wa_Bukoba
Dada yangu, umeomba ushauri lakini mambo ya msingi umeyaacha nyumbani. Wageni ni wangapi? Chakula kitakaa mezani kwa muda gani? Utapika nyumbani na kubeba, au jungu litawashwa huko huko ofisini? Kuna wasiokula nguruwe, au wenye mzio wa maziwa, ngano au mayai? Bila majibu hayo, kila mtu hapa atakusifia anachopenda yeye.

Mlaji_Mzuri
Maswali ya Muuguzi ni ya haki, ila mimi sihitaji kuyasubiri, kwa kuwa jibu langu ni lile lile kila Desemba. Nunua za pakiti. Pakiti ya aunsi 32, ambayo ni gramu 900 hivi, hutoa kababu 60 na ushei zile za nusu aunsi. Mimina junguni, ongeza chupa moja ya sosi ya chili ya aunsi 12 na kikombe kimoja cha jamu ya zabibu, koroga, funika, na uache kwenye moto wa juu, yaani ule mkali, kwa saa 2 hadi 3. Zimekwisha kupikwa kiwandani, kwa hiyo kazi yako ni kuzipasha na kuzivisha mchuzi. Nilipofika Seattle nilicheka niliposikia habari ya nyama na jamu, lakini jamu ikishayeyuka ndani ya ile siki na nyanya husikii tena zabibu, unasikia utamu unaovutwa na uchachu. Angalizo moja tu: ile sosi ya chupa haina ukali wowote, ni nyanya, siki, sukari na viungo vichache. Anayetaka kuwashwa aongeze pilipili yake.

Mama_Tangawizi
Mlaji, mwanangu, hicho unachokisifia ni sukari juu ya sukari. Kababu ya pakiti ni laini kupita kiasi, inabonyea mdomoni kabla hujaitafuna, na ladha yake ni chumvi na unga wa kitunguu. Binti wa Columbus, ikiwa una jioni moja ya nafasi, kanda mwenyewe. Chukua nyama ya kusaga isiyo kavu sana, yenye mafuta kama asilimia 15, maana nyama isiyo na mafuta kabisa hutoka ngumu. Tia mkate mkavu uliolowekwa na kukamuliwa, kitunguu maji kilichokunwa na kukamuliwa vilevile, kitunguu saumu, tangawizi mbichi, bizari nyembamba, kotmiri na yai. Viringa ndogo, ziwe saizi ya kuingia mdomoni mara moja, kisha uzipange kwenye trei na kuzichoma katika oveni yenye nyuzi 200 za Selsiasi mpaka zipate rangi, dakika 15 hadi 20. Usizitie mbichi junguni. Zitatoa mafuta yote ndani ya mchuzi, zitabaki na rangi ya kijivu, na zile za chini zitashikana na kumeguka utakapokoroga.

Mchuzi wangu ni ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, sukari guru, nyanya ya kopo, tangawizi nyingine na chumvi. Uchemshe kwanza jikoni mpaka uwe mzito, kwa sababu mfuniko wa jungu hurudisha mvuke wote ndani na mchuzi mwepesi hubaki mwepesi mpaka asubuhi. Ukiona bado umelegea, koroga kornflawa kidogo katika maji baridi na utie mwishoni.

Mvita01
Namuunga mkono Mama kwa ukwaju, ingawa kwetu Mombasa tungezikaanga kwenye karai na tusingezungumza habari ya oveni. Ila nina neno kuhusu pakiti. Nyingi zinazouzwa katika maduka makubwa ya hapa ni mchanganyiko wa nyama ya ng'ombe na nguruwe, na nyingine huongezwa kuku au bata mzinga, na mchanganyiko huo umeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Zikishavikwa mchuzi, mgeni aliyesimama mbele ya jungu hawezi kujua anachokula. Hata iliyoandikwa kuwa ni ng'ombe mtupu, kwa Mwislamu bado kuna swali la uchinjaji. Dada hajatuambia wenzake ni kina nani.

Mlaji_Mzuri
Mvita, nakubali, lakini pakiti za halali nazo zipo, hasa katika mji kama Columbus wenye Wasomali wengi. Na tukianza hivyo, basi jamu nayo si ina jelatini?

Mvita01
Haina, kaka. Jamu hiyo hugandishwa kwa pektini, ambayo hutokana na matunda, na jelatini ndiyo ya ngozi na mifupa. Usichanganye jamu na zile peremende laini za watoto.

Fundi_Umeme_TX
Mmezama katika ladha, na hakuna aliyeuliza soketi. Nitawasimulia lililotupata katika ukumbi mmoja wa kukodi, sherehe ya mwaka mpya ya jumuiya yetu hapa Houston. Mwenye ukumbi alituelekeza tuweke vyakula vyote kwenye meza moja ndefu ukutani, na akatupa waya mmoja wa soketi nyingi. Kinamama wakachomeka majungu matatu: kababu, maharage na mchuzi wa jibini. Kila jungu la ukubwa huo hutumia kama wati 250, kwa hiyo mpaka hapo hapakuwa na tatizo. Kisha mhudumu wa ukumbi akaja na birika kubwa la kahawa, lenye wati 1,500, akalichomeka pale pale bila kumuuliza mtu. Soketi za kawaida za Marekani hubeba ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1,800 kwa mstari mzima, na sisi tukawa tumefika 2,250. Swichi ya usalama ikakatika, kama inavyopaswa.

Sasa, taa za ukumbi zilikuwa kwenye mstari mwingine, muziki nao mwingine, kwa hiyo hakuna aliyetambua. Majungu yale ya bei nafuu yana kitufe cha kuzungusha tu. Hayana taa wala kengele, yanaonekana vilevile yakiwa na moto au bila moto, na chungu chake cha udongo ni kizito, kinashika joto muda mrefu hata ukigusa nje unadhani kinafanya kazi. Hotuba zilikuwa ndefu. Tulipofunua kuanza kula, mafuta yalikuwa yameganda juu ya mchuzi kama nta, kijiko kikasimama katikati. Shemeji yangu, ambaye alikanda nyama ile usiku kucha, alisimama pale na mfuniko mkononi, na mhudumu anamwambia awashe tena tu, itachemka. Ukaanza ubishi wa kula au kumwaga, na ulimaliza saa nzima ya sherehe. Kwa hiyo, dada, kabla ya kuchagua jamu au ukwaju, nenda ukazihesabu soketi za chumba hicho na uulize kahawa itachomekwa wapi.

Muuguzi_wa_Bukoba
Na zilimwagwa, natumaini. Mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani ni kwamba chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, yaani 140 za Farenhaiti, na kikishuka chini ya hapo kisizidi saa 2. Nyama ya ng'ombe iliyosagwa ifike nyuzi 71 katikati, na ya kuku au bata mzinga ifike 74. Kipimajoto cha nyama si ghali. Tena, kitufe cha kutunza joto ni cha chakula ambacho kimekwisha kuiva na bado ni cha moto. Si cha kupikia, wala si cha kupashia kiporo.

Fundi_Umeme_TX
Nusu zilimwagwa na nusu zililiwa na wabishi. Sitasema zaidi.

Mlaji_Mzuri
Jamu na siki ni vihifadhi vya tangu zamani, Muuguzi. Saa moja ya ziada isingemuua mtu.

Muuguzi_wa_Bukoba
Sukari na siki huhifadhi jamu ndani ya chupa yake. Ukishaichanganya na nyama, maji na mafuta, kiasi hicho hakitoshi, na katikati ya kababu mchuzi haufiki kabisa. Huu si mjadala wa ladha, ndugu yangu.

Mgeni_wa_Columbus
Asanteni sana, na shikamoo, Mama Tangawizi. Niongeze niliyoyaacha. Wageni ni kama 40, sherehe itaanza saa 6 mchana na kwisha saa 9, na chumba kina soketi mbili ninazozifahamu, moja ikiwa na mashine ya kahawa. Wapo wenzetu kadhaa Waislamu, na msimamizi wangu ana mzio wa maziwa. Ofisini ninaweza kufika saa 2 asubuhi. Sijui kama zile za krimu bado zinafaa.

Mama_Tangawizi
Marahaba, binti. Krimu iache. Kwanza kuna huyo msimamizi, na pili krimu ikikaa junguni kwa saa nyingi hukatika, inabaki maji na vipande vyeupe. Wanaoijua huitia nusu saa ya mwisho tu. Na unapotengeneza zako, loweka mkate kwa maji badala ya maziwa, na usome pakiti ya mkate wenyewe, kwa kuwa mingi ya hapa ina maziwa.

Muuguzi_wa_Bukoba
Sheria za hapa zinawalazimu wenye viwanda kutaja vizio 9 vikubwa kwenye pakiti: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, korosho na jamii yake, karanga, ngano, soya, na tangu 2023 ufuta pia. Andika karatasi ndogo yenye vitu vyote vilivyomo na uibandike mbele ya jungu, usiiache ofisi ikuulize wewe mmoja mmoja.

Mlaji_Mzuri
Kuhusu krimu nimeshindwa, lakini ngoja niseme jambo moja la Waswidi: wao wenyewe huzila kababu zao na jamu ya matunda mekundu pembeni. Nyama na jamu si wazimu wa Marekani peke yake. Na kwa watu 40, ukikadiria 3 kwa kila mtu, hizo ni 120, yaani pakiti 2. Jungu la kwati 6 linazibeba na mchuzi wake bila kujaa hadi ukingoni, na ukiliwasha moto wa juu saa 3 asubuhi, saa 6 watu wanakula.

Mvita01
La kwati 6 bila shaka. Majungu haya hufanya kazi vizuri yakiwa yamejaa kati ya nusu na theluthi mbili. Mvumbuzi wake, Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, mwaka 1940, na inasemekana wazo lilitokana na mapishi ya Kiyahudi ya maharage na nyama yanayoachwa usiku kucha kabla ya Sabato. Kampuni ya Rival ndiyo iliyolitoa kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Chombo cha maharage, mnaona, na sisi tumekigeuza cha karamu.

Mlaji_Mzuri
Fundi, tukiwa bado kwenye mambo ya umeme: nikimpelekea mama yangu jungu kama hilo Nakuru, litafanya kazi?

Fundi_Umeme_TX
Usithubutu kulichomeka hivi hivi. La hapa limetengenezwa kwa volti 120, na huko ni 240. Volti zikiwa mara 2, nguvu inakuwa mara 4, na waya wa ndani utaungua siku ya kwanza. Transfoma ya kulibeba itakugharimu kuliko kumnunulia jipya huko huko.

Mgeni_wa_Columbus
Basi nimechukua la kwati 6 leo, na mashine ya kahawa wamekubali kuihamishia jikoni. Nyama ya kusaga ya halali nimeipata, ila pakiti za halali nazo zilikuwepo kwenye friza ile ile, na sijaamua. Mama, ukwaju kiasi gani kwa kilo 2 za nyama?

Mama_Tangawizi
Kipande cha gramu 150 hivi, ukiloweka katika vikombe 2 vya maji ya moto, na guru uonje mwenyewe. Guru utaipata katika maduka ya Kihindi. Hizo za friza ziache.

Mlaji_Mzuri
Za friza ziko tayari, Mama, na yeye anatakiwa kazini saa 2 asubuhi. Atie ukwaju wako juu ya pakiti yangu.

Mama_Tangawizi
Ukwaju wangu? Juu ya ile nyama laini?