Ankara yasema "20 tons", mizani yasema kilo 18,140. Nimeibiwa?

Mwana wa Changamwe:
Assalam alaikum wanajamvi. Mdogo wangu kaagiza kontena la marobota ya mitumba kutoka Marekani. Kwenye ankara ni "20 tons". Mizani, ukishatoa lori na kontena tupu, ni kilo 18,140. Sili ya mlango wa kontena nimeiona kwa macho yangu, nzima, na namba ni ile ile ya kwenye karatasi. Kilo zaidi ya 1,800 zimekwenda wapi? Dereva nimemzuilia pesa zake.

Kijana wa Likoni:
Sili siku hizi si kitu. Mbane huyo dereva.

Mzee wa Kilindini:
Mpe huyo dereva haki yake! Hakuna kilichoibiwa. "Ton" ya Mmarekani ni ratili (paundi) 2,000, yaani kilo 907. Zidisha mara 20 uone: 18,140. Tani yetu ya kilo 1,000 Mwingereza huiandika "tonne", na Mmarekani huiita "metric ton". Ile "ton" ya zamani ya Uingereza ndiyo ingekufaa, maana ni ratili 2,240, kilo 1,016. Hiyo na ile ya Mmarekani zote ni handredweti 20, ila handredweti ya Mmarekani ni ratili 100 na ya Mwingereza ni 112. Mia yenye kumi na mbili juu, haya yao hayo. Karatasi ikija na "ton" tupu kutoka Marekani, muulize muuzaji ni ipi kabla hujatuma hata senti.

Bi Klaringi:
Mzee kasema kweli. Mimi nikiona "MT", yaani "metric ton", kwenye bili ya shehena natulia, ni kilo 1,000. Ila "MT" hiyo hiyo ikiwa kwenye orodha ya makontena, mara nyingi maana yake kontena halina kitu. Msije mkachanganya.

Mwana wa Changamwe:
Shukran sana. Dereva nishamtumia zake. Na meli wakisema ni ya tani 60,000, ndizo hizi?

Mzee wa Kilindini:
Wakimaanisha "gross tonnage", huo si uzito kabisa, ni ukubwa wa nafasi iliyomo ndani ya meli. Asili yake ni "tun", pipa kubwa la divai. Meli ilipimwa kwa mapipa inayobeba. Lakini niambie, bei mlipatana kwa ton au kwa robota?

Mwana wa Changamwe:
Kwa robota, mzee wangu.

Mzee wa Kilindini:
Sasa mizani ya nini? Hesabu marobota!