Kimbunga kikishalaza msitu: tupande miche au tuuache wenyewe?

Mlinda Kivuli: Wakuu, nauliza bila kuzunguka. Msitu wa kitropiki umepigwa na kimbunga, miti imelala ovyo, jua linapiga mpaka udongoni. Kila mara utasikia "twendeni tukapande miti". Mimi nasema uachwe. Nicaragua, kimbunga Joan, Oktoba 1988, kililaza msitu mkubwa upande wa Bluefields, na miti mingi iliyovunjika ikachipua yenyewe kwenye visiki. Maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, yaliyodumaa kivulini nayo yakapata mwanga yakarefuka. Kampeni za miche ni za kupigia picha tu.

Mzee wa Kitalu: Kupigia picha? Kijana, umewahi kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, wewe? Umewahi kupunguza kivuli kidogo kidogo mpaka mche ukomae, ukikosea wiki moja unakuta umeungua wote? Picha!

Bi Nanaa: Shikamoo mzee. Hoja yake ilikuwa visiki kuchipua, hiyo ya picha iache ipite.

Mzee wa Kitalu: Marahaba. Siiachi. Kisiki kinachipua, sawa, na mti uliong'oka mizizi ikabaki juu utachipua kwa dua? Na hayo maotea yake anayoyasifu: jani lililozoea kivuli likipigwa na jua la ghafla linapauka, linadondoka. Yatakayoishi ni yale yatakayowahi kutoa majani mapya, madogo na manene. Mengine kwaheri. Hilo hakuliandika.

Kipimajoto: Wote mnaangalia juu, tatizo lingine liko chini. Puerto Rico, msitu wa Luquillo, watafiti hawakusubiri kimbunga. Miaka ya 2004 na 2005 walikata matawi ya juu kwenye viwanja vya mita 30 kwa 30. Vingine wakavimwagia matawi na majani, vingine wakaviacha safi, ili wajue kipi kinafanya nini. Jua ndilo lililoleta maotea mapya kwa wingi. Rundo la matawi likayapunguza. Mbegu ndogo kama ya Cecropia, mti unaokimbilia penye jua, haina akiba: ikiota chini ya majani mazito inaishiwa kabla ya kuuona mwanga. Mbegu kubwa inapenya.

Gogo Kavu: Basi si tuondoe magogo! Na moto je? Kule Yucatán, Mexico, kimbunga Gilbert, 88 au 89 sikumbuki, yalikauka yakawaka msitu mzima.

Kipimajoto: Kimbunga kilikuwa Septemba 1988, moto ukaja 1989. Ni mambo mawili. Na gogo halijiwashi, mkuu, panatakiwa ukame na mtu mwenye kiberiti.

Gogo Kavu: Asante kwa somo la kalenda. Jibu hoja.

Bi Nanaa: Nijibu mimi. Ukiingiza trekta kuvuta magogo, unakanyaga maotea yaleyale unayotaka kuyaokoa, na udongo unashindiliwa. Halafu majani na matawi yakioza ndiyo mbolea yenyewe. Ondoa pale njia na nyumba zinapohatarishwa, kwingine acha.

Gogo Kavu: Ili mvune nini? Cecropia? Mti wenye mbao laini, hauna hata thamani ya kuni.

Bi Nanaa: Msitu haukuoteshwa kwa ajili ya kuni zako, kaka. Baada ya kimbunga Hugo, Septemba 1989, Cecropia ndiyo iliyoziba mapengo pale Luquillo. Ilirefuka haraka, ikajaa, kisha ikaanza kupungua yenyewe kivuli kilipofunga. Chini yake miti ya polepole kama tabonuko ilikuwa inavuta subira. Ukiifyeka mapema unauanika mche wa tabonuko juani, na hapo ndipo ukame unapoumaliza.

Mlinda Kivuli: Ndicho nilichosema. Uachwe.

Mzee wa Kitalu: Hukusema hivyo. Ulisema picha.

Kipimajoto: Mzee, na mimi nina swali la kitalu. Miche mingi niliyoiona ikipandwa ina mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba. Inasimama mwaka wa kwanza, upepo wa pili inalala. Otea la msituni mzizi wake umenyooka tangu siku ya kwanza. Kwa nini nisipendelee otea?

Gogo Kavu: Hahaha, hapo mzee amebanwa.

Mlinda Kivuli: Mimi nauliza kitu kimoja tu: kuna anayehesabu maotea yaliyopo kabla ya kuleta lori la miche? Pale yalipojaa, mnapanda nini? Pale ambapo hakuna hata moja, na mti mama umekufa, na ndege na popo hawafiki, hapo nitabeba jembe mwenyewe.

Mzee wa Kitalu: Sasa umeongea. Wewe Kipimajoto, sikiliza. Mche uliokaa kwenye kiriba kupita muda wake hautolewi kitaluni, unatupwa. Wa kupanda, kiriba kinachanwa kwa wembe, mzizi ulioanza kujikunja chini unakatwa, ndipo mche unaingia shimoni. Ukiona mtu anafukia mche na nailoni yake, huyo alitumwa amalize idadi kabla mgeni rasmi hajaondoka. Usinichanganye na hao.