Tiguan ya R-Line: je, tuongeze pesa kwa ajili ya bampa na rimu?

Mwenye Swali: Ndugu zangu, nimepata Volkswagen Tiguan mbili za mwaka 2018 katika yadi moja hapa Nairobi, zote zenye injini ya petroli ya lita 1.4. Moja ni ya kawaida, yenye tairi za 215/65 kwenye rimu za inchi 17. Nyingine ni R-Line, yaani toleo lenye sura ya kimichezo, yenye tairi za 255/40 kwenye rimu za inchi 20, na muuzaji anataka niongeze shilingi 250,000. Je, inafaa?

Mkazi wa Rongai: Haifai. Injini ni ileile, na nguvu ya kupandia mlima ni ileile. Unacholipia ni bampa, rimu, nembo, na usukani ulionyooka upande wa chini. Anayetoa robo milioni kwa vitu hivyo ananunua macho ya majirani.

Mama Watatu: Bwana wa Rongai, neno lako la majirani limenichoma. R-Line yangu niliinunua baada ya kuweka akiba kwa miaka sita, na sikumwomba jirani yeyote ushauri wala mchango. Viti vyake vinanishika vizuri kwenye kona, usukani unanikaa mkononi, na zaidi ya hayo rimu kubwa zimeliinua gari, jambo ambalo kila mwenye kupita kwenye matuta yetu analihitaji.

Fundi wa Matairi: Dada, kuhusu viti sikupingi, lakini gari halikuinuka. Ukuta wa tairi ya 255/40 ni asilimia 40 ya upana wa milimita 255, yaani milimita 102, ilhali wa 215/65 ni takriban milimita 140. Ukijumlisha na rimu, kipenyo cha magurudumu hayo hakipishani hata milimita moja. Kilichopungua ni mpira ulioko kati ya rimu na shimo, na ndiyo maana wanaoniletea rimu zilizopinda ni wale wa tairi nyembamba.

Mkazi wa Rongai: Ndivyo nilivyosema.

Mama Watatu: Hukusema hivyo. Wewe ulizungumzia majirani, yeye amezungumzia milimita.

Dereva wa Safari: Msizihukumu nembo zote kwa R-Line. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, toleo lake la GR Sport lilipewa loki za difu za mbele na za nyuma, zinazofanya magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja hata moja likikosa mshiko, pamoja na mfumo wa E-KDSS unaoachia gurudumu lishuke zaidi kwenye njia mbovu. Hapo pesa imeingia chini ya gari, mahali ambapo kazi inafanyika.

Mkazi wa Rongai: Mzee, mwenzetu anatafuta Tiguan. Bei ya Land Cruiser hiyo ingemjengea nyumba.

Mwenye Swali: Nakiri kwamba R-Line imenivutia kwa sura. Je, naweza kuichukua, kisha nikaivalisha rimu za inchi 17?

Fundi wa Matairi: Inawezekana, ila rimu zijaribiwe kwanza juu ya breki kabla hujalipa, na umwombe muuzaji akupunguzie bei kwa kumwachia zile za inchi 20.

Mama Watatu: Fundi, ukishapata seti nzima ya inchi 17, nami nijulishe bei yake.