Tupeane uzoefu: siku hati za safari ya meli ya kifahari zilipotufikia

Mtoa mada

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa kumbukumbu za siku ambayo hati za safari ya meli zilifika mikononi mwetu, kwa sababu naamini siku hiyo ina furaha yake, tofauti kabisa na ile ya kupanda meli yenyewe.

Naanza mimi. Mwaka 2019 nilimkatia mama yangu tiketi ya Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York, siku saba za kuvuka Atlantiki, ili tusherehekee miaka yake 70. Kwa sisi wenye pasipoti ya Tanzania furaha haiji kwa mkupuo mmoja: mama alisubiri kwanza viza ya Uingereza, kisha akaenda kuhojiwa Dar es Salaam kwa ajili ya viza ya Marekani, na miezi yote hiyo hakuthubutu kuwaambia majirani zake wa Tanga kwamba ana safari. Bahasha ya wakala ilipofika nyumbani kwangu Leicester, mama alikuwa ameshawasili, nami nikamwachia aifungue mwenyewe. Ndani mlikuwa na tiketi, ratiba, na lebo za mizigo zenye jina, namba ya chumba na sitaha. Nilimweleza kwamba bandarini wapagazi hulichukua sanduku, na mwenyewe halioni tena mpaka alikute mlangoni mwa chumba chake, hivyo lebo ndiyo inayolionyesha njia. Aliisoma kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia, "Mwanangu, wameliandika mpaka jina la babu yako."

Jambo jingine lililompendeza ni saa. Kwa kuwa New York iko nyuma ya Uingereza kwa saa tano, saa za melini hurudishwa nyuma saa moja moja, mara tano njiani. Mama aliona kwamba kupewa siku za saa 25 ni zawadi ya uzeeni.

Mchangiaji wa Mombasa

Dada, umenigusa ulipotaja jina. Hati zetu za kuzunguka Mediterania zilikuja zikiwa na majina yangu mawili, ilhali pasipoti yangu ya Kenya ina matatu, na kwa siku tatu, hadi wakala alipozirekebisha, sikuweza kula vizuri. Zilipokuja zilizosahihishwa, mke wangu alitandaza ramani mezani, tukafuatisha bandari kwa kidole: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kuendea Roma, Palermo, kisha Tunis. Nawasihi wenzangu muitazame viza kwa makini siku hiyohiyo. Tunisia haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja isingeturudisha Barcelona. Tuliomba ya kuingia mara nyingi, na nilipoiona imeandikwa hivyo ndipo niliposadiki kwamba tunakwenda.

Mchangiaji wa Muscat

Nilizaliwa Unguja, naishi Muscat kwa miaka mingi. Safari yetu ilianzia Dubai, na hati zilikuja kwa simu. Watoto waliniambia hazina haja ya kuchapwa, lakini nilikwenda dukani nikazichapa zote, kwa kuwa nilitaka kuzishika. Nikiisoma ratiba usiku, baada ya Khasab, bandari ya kaskazini mwa Oman, nikakuta limeandikwa jina la mji wangu mwenyewe, Muscat, pamoja na saa ya meli kutia nanga. Bandari ya Mutrah naipita kila wiki nikienda sokoni, na sijawahi kufika hapo kutoka baharini. Mstari ule mmoja niliurudia mara nyingi kuliko mingine yote, na mume wangu aliamka akaniuliza kama nimepata habari za msiba.

Mchangiaji wa Dodoma

Dada mtoa mada, mfikishie mama shikamoo yangu. Je, ile lebo aliitunza?

Mtoa mada

Marahaba yake nitakuletea. Ameitunza, ingawa ilirudi imekunjamana pembezoni. Imo katika bahasha ileile, ndani ya kasha lake Tanga, pamoja na cheti chake cha ndoa na hati ya kiwanja.